Semeni Kweli Ameumia Wapi

Akina mama wapendwa, mume akikatwa kidole na mashine kiwandani, msituambie hospitalini kwamba aliumia nyumbani ili bosi asiudhike. Tunachoandika ndicho ushahidi wake. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaolipia matibabu, ulemavu, na akifariki, pensheni ya mjane na watoto. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki hupotea. Basi atoe taarifa siku ileile, nawe tunza vyeti. Na zile pesa za kumnyamazisha? Hazitoshi hata bandeji za mwezi.