Moyo Una Mbegu na Malisho

Wako watu wasemao kwamba ugonjwa wa moyo ni wa mabwana wa mjini. Wengine, wakiambiwa wapunguze samli, hujibu: "Mbona Wamasai hunywa maziwa siku zote na mioyo yao ni mizima?" Jibu hilo lina hatari.

Ni kweli, mwaka 1964 Daktari George Mann wa Marekani na wenzake waliandika kwamba wanaume wa Kimasai waliowapima huko Tanganyika walikula maziwa na nyama kwa wingi, na hata hivyo kolesteroli, yaani mafuta ya damu, ilikuwa kidogo. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1972 walieleza mioyo ya wanaume 50 waliokufa: mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita. Mann alidhani sababu ni kutembea sana. Basi aendaye kila mahali kwa pikipiki asijifananishe nao.

Watazame Waluo pia. Wachunguzi waliwafuata waliohama vijijini kwenda Nairobi, na mwaka 1990 wakaeleza kwamba presha ya damu yao ilipanda kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Kabila ni lile lile. Chumvi ndiyo iliyozidi, na uzito wa mwili.

Walakini si chakula peke yake. Mfugaji ajua kwamba Jersey na Friesian wakila majani mamoja, maziwa ya Jersey yatazidi kwa mafuta. Hiyo ni mbegu. Mwaka 2006 wachunguzi wa Dallas walieleza kwamba katika Wamarekani weusi 3,363, kiasi cha 26 katika kila 1,000 walizaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Hitilafu hiyo (na iwe hivyo kwetu sote!) ilipunguza kolesteroli mbaya kwa 28 katika mia, na ugonjwa wa moyo kwa 88 katika mia.

Wengine hurithi kinyume chake. Karibu mtu mmoja katika 300 ana kolesteroli nyingi tangu kuzaliwa, hata akiwa mwembamba na mlaji wa mboga. Huyo aweza kuanguka shambani kabla ya miaka 50, na majirani wakasema amerogwa. Kila mtoto wake yumkini nusu kwa nusu kuurithi ugonjwa huo. Kwa hiyo ambaye baba au ndugu yake alikufa ghafula angali kijana, aende hospitali apimwe damu, aende na watoto wake, wala asingoje maumivu ya kifua. Dawa zake ziko.