Utafiti wa dawa kwa simu: faida zipo, lakini tuulize kwanza



Tangu Korona, majaribio mengi ya dawa yamefanyika bila mgonjwa kufika hospitali. Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliandikisha watu 821 wa Marekani na Kanada waliokuwa wamekaribiana na mgonjwa wa Korona. Walijiandikisha kwa intaneti, vidonge vikaletwa nyumbani, nao wakajibu maswali hukohuko. Wengine walipewa haidroksiklorokwini, wengine vidonge visivyo na dawa. Ilionekana kwamba dawa hiyo haikuzuia ugonjwa.

Faida ni wazi. Hakuna aliyehitaji kutoka nyumbani kwa ajili ya utafiti na kuhatarisha wengine, na jibu lilipatikana mapema. Hata mzee au mama mwenye mtoto mgongoni hapa kambini angepumzika na safari ya kituo cha afya.

Lakini kulikuwa na upungufu: wengi hawakupimwa maabara, walihesabiwa wagonjwa kwa dalili walizosema wenyewe. Kuna magonjwa ambayo njia hiyo haifai kabisa. Utafiti wa dawa nne za Ebola uliofanyika Kongo mwaka 2018 na 2019 ulikuwa ndani ya vituo vya matibabu, kama Beni na Butembo. Daktari alikuwa karibu na kitanda, damu ilipimwa, na dawa mbili zikaonekana kuokoa watu zaidi.

Maoni yangu ni haya: utafiti wa simu ukifika kambini, tusiukatae, ila tuweke masharti.

Kwanza, siri. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mwanamke ataulizwaje mambo ya mwili wake huku shemeji akisikiliza? Awepo mtu wa kuzungumza naye faraghani.

Pili, usalama. Dawa ikimdhuru mtu usiku na simu haina chaji, nani atakuja? Kituo chetu cha afya kijulishwe kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

Tatu, ridhaa. Kubonyeza "ndiyo" si kukubali kama hukuelewa. Tuelezwe kwa lugha yetu, na asiyesoma asomewe.

Ndugu zangu, kushiriki utafiti ni hiari. Ukikataa, au ukijitoa katikati, haki yako ya matibabu na mgao wa chakula inabaki palepale. Atakayekuambia vinginevyo, usikubali. Njoo utuulize sisi wahamasishaji wa afya. Kuuliza si ujinga.

Mhamasishaji wa afya ya jamii