Mvumo wa Gitaa Usizimwe kwa Kukata Ethi

Gitaa la umeme si chombo kigeni tena kisiwani Pemba. Katika harusi na sherehe, kuanzia Mkoani hadi Micheweni, taarab ya kisasa imeliweka kando ya kinanda cha umeme, na vijana wengi wa skuli wanatamani kulijua. Lakini pamoja na gitaa amekuja mgeni asiyealikwa. Kabla mpigaji hajagusa uzi hata mmoja, spika hunguruma kwa sauti nzito isiyokoma. Taa za tyubu zikiwashwa, huongezeka mlio mkali kama wa nyuki. Na simu ya mkononi iliyo karibu ikikaribia kuita, spika hutoa mapigo ya harakaharaka ambayo hakuna mwanamuziki aliyeyatunga.

Ipo dawa moja ya mvumo huo inayojulikana sana na mafundi wa mitaani. Waya wa ethi ndani ya plagi hukatwa, au plagi ya miguu mitatu huondolewa na mahali pake huwekwa ya miguu miwili, na kijiti husukumwa katika tundu la juu la soketi ili plagi hiyo iingie. Mara nyingi mvumo hupungua papo hapo, na fundi husifiwa. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Hailiondoi tatizo, bali huliondoa lile jambo moja lililowekwa ili mpigaji asife. Lililo baya zaidi ni kwamba huwanyima vijana somo la fizikia ambalo wangeweza kulisikia kwa masikio yao wenyewe.

Asili ya mvumo

Umeme unaotumika Pemba ni umeme geu wa volti 230, unaobadili mwelekeo na kurudia mzunguko wake mara 50 kila sekunde. Hadi mwaka 2010 kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Tangu mwaka huo umeme huletwa kutoka upande wa Tanga kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70. Chanzo kilibadilika, lakini idadi ya mizunguko ilibaki ile ile, yaani hezi 50.

Kila waya unaopitisha umeme huo huzungukwa na uga sumaku unaopanda na kushuka pamoja nao. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo karibu. Chini ya nyuzi za gitaa ipo koili ya aina hiyo hasa, yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba uliozungushiwa sumaku. Kazi yake ni kugeuza mtetemo wa uzi wa chuma kuwa umeme. Lakini koili haina uwezo wa kuchagua. Hupokea mabadiliko ya sumaku yanayoletwa na uzi, na hupokea vilevile yale yanayoletwa na transfoma iliyo karibu au choki ya taa ya tyubu. Amplifaya nayo hukuza vyote viwili bila upendeleo.

Wako wanaodhani kwamba mvumo unaweza kuchujwa tu kwa kupunguza sauti nzito. Hesabu inawakanusha. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde, unaoufuata mara 110, na wa tatu mara 147. Mvumo huja na sauti za hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Hivyo hezi 100 zimeketi katikati ya nyuzi mbili za kwanza, na hezi 150 zinakaribiana sana na uzi wa tatu. Mwenye kuuchuja mvumo wote atalichuja na gitaa lake.

Kuuliza badala ya kukata

Daktari mwema hatoi dawa kabla ya kuuliza maumivu yako wapi. Fundi na mwanafunzi nao wanaweza kuiuliza amplifaya maswali machache, bila kuifungua na bila kifaa chochote cha maabara.

Kwanza, kitufe cha sauti kishushwe hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, kosa limo ndani ya amplifaya, na mara nyingi limo katika kapasita zilizochakaa ambazo hazilainishi tena umeme uliogeuzwa kuwa mnyoofu. Mvumo wa namna hiyo huwa na hezi 100, kwa sababu diodi zimezikunja nusu zote mbili za kila mzunguko kuelekea upande mmoja. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ujuzi peke yake. Amplifaya, hasa za valvu, huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Pili, kitufe kirudishwe na mpigaji ageuke polepole mahali aliposimama. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri anavyogeuka, koili inapokea uga sumaku, na chanzo kitafutwe kwa kuzima taa na chaja moja baada ya nyingine. Kusogea hatua mbili tatu kutoka kwenye transfoma mara nyingi hutosha, kwani nguvu ya uga huo hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka.

Tatu, mpigaji aziguse nyuzi, kisha aziachie. Mlio ukipungua anapozigusa, maana yake ni kwamba mwili wake ulikuwa ukifanya kazi ya antena, na sasa umeunganishwa na ethi kupitia nyuzi hizo. Dawa yake ni kinga: waya wa gitaa uwe ule uliozungushiwa wavu wa shaba, na uvungu wa gitaa utandazwe karatasi ya shaba au ya aluminiamu iliyounganishwa na ethi ya gitaa.

Nne, ikiwa amplifaya imeunganishwa kwa waya na chombo kingine, kama vile mashine ya kuchanganyia sauti, waya huo uchomolewe. Mvumo ukikoma, kimepatikana kitanzi cha ethi. Vyombo viwili vilivyochomekwa katika soketi mbili za mbali, kila kimoja kikiwa na ethi yake, vikiunganishwa tena kwa wavu wa waya wa sauti, hufanya duara kubwa la shaba. Duara hilo nalo ni koili, na Faraday hana ubaguzi.

Jambo la nne linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalowapa wakata ethi hoja yao. Ni kweli kwamba ethi ikikatwa kitanzi hukatika na mvumo hukoma. Lakini kitanzi kina pande mbili. Waya wa sauti unaweza kukatizwa kwa transfoma ndogo ya kutenganisha, ambayo hupitisha sauti bila kuviunganisha vyombo kwa shaba. Tena njia rahisi kuliko zote haina gharama: vyombo vyote vichomekwe katika soketi moja yenye ethi, mradi soketi hiyo na waya wake vinamudu mzigo huo. Basi kwa nini mtu akate upande unaolinda roho, na upande mwingine upo?

Kile kinachokatwa

Ethi haifanyi kazi kila siku. Ni kama nanga ya akiba chomboni: baharia anaweza kusafiri miaka mingi asiishushe, lakini hakuna mwenye akili atakayeitupa ili chombo kiwe chepesi. Waya wenye umeme ukilegea na kugusa bati la amplifaya, ethi hutoa njia nyepesi, mkondo mkubwa hupita, fyuzi huungua na hatari huisha. Ethi isipokuwapo, bati hilo hubaki na volti 230. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bati hilo, kwa hiyo nazo huwa na volti 230. Mpigaji aliyezishika hatasikia lolote maadamu amesimama juu ya zulia kavu. Lakini atakaposogeza mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na ethi ya chombo kingine, mkondo utapita kutoka mkononi hadi mdomoni, ukikatiza kifuani. Miliampia 100 zikipita moyoni zinatosha kuua. Taa ndogo ya wati 25 hutumia zaidi ya hizo.

Hayo yamekwisha kutokea. Tarehe 3 Mei 1972, mpigaji gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, aliposhika maikrofoni huku vyombo vikiwa havina ethi iliyo sawa. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa umeme wa gitaa lisilokuwa na ethi. Wote wawili walikuwa wanamuziki wazoefu, na uzoefu haukuwafaa kitu.

Huenda mtu akajibu kwamba wengi wamepiga gitaa miaka mingi bila ethi na wangali hai. Jibu hilo linathibitisha tu kwamba waya wao haujalegea bado. Na Pemba ina sababu zake za kuongeza tahadhari. Hewa ya chumvi hutia kutu soketi na viungo vya waya upesi. Masika hulowesha viwanja vya sherehe, na miguu iliyolowa hupitisha umeme kwa wepesi. Katika sehemu za mashariki zenye mawe ya matumbawe, fimbo ya ethi haishuki ardhini kwa urahisi kama inavyoshuka katika udongo wa mashamba ya mikarafuu. Nayo jenereta ndogo ya kukodi mara nyingi huwekwa uwanjani bila fimbo yoyote. Mahali kama hapo panahitaji ethi iliyopimwa, pamoja na swichi ya kujikata yenyewe umeme unapovuja kwa miliampia 30. Hapahitaji plagi iliyovunjwa mguu.

Somo lililomo ndani ya kelele

Walimu wengi wa fizikia husikitika kwamba maabara zao hazina vifaa. Masikitiko hayo yana haki. Hata hivyo, kanuni ya Faraday hufundishwa kwa mchoro ubaoni na kukaririwa kwa ajili ya mtihani, huku mtaa wa pili amplifaya ikiitangaza kanuni hiyo hiyo usiku kucha. Gitaa moja la kuazima na amplifaya moja yenye ethi iliyo timamu vinaweza kuonyesha sehemu kubwa ya mada ya sumakuumeme.

Mwalimu anaweza kueleza, kwa mfano, jinsi Seth Lover wa kampuni ya Gibson ya Marekani alivyoushinda mvumo mwaka 1955 kwa akili badala ya kisu. Alitumia koili mbili zilizounganishwa kinyume, na sumaku zao pia akazielekeza kinyume. Sauti ya uzi hubadilishwa mara mbili na hivyo hujumlika. Mvumo wa nje, usiojali sumaku hizo, hubadilishwa mara moja tu na hujifuta. Mwanafunzi aliyewahi kujiuliza hasi mara hasi ina faida gani atalipata jibu hapo.

Anaweza pia kufundisha kwamba si kila kelele ina dawa. Mvumo wote ukiisha, hubaki sauti nyembamba kama ya mafuta yanayokaangwa mbali. John Johnson na Harry Nyquist walieleza mwaka 1928 kwamba joto lenyewe huzisukasuka elektroni ndani ya kila kipingamizi. Kipingamizi cha omu 10,000 katika joto la kawaida hutoa kelele ya takriban mikrovolti 2 katika sauti zote zinazosikika. Mlio wa gitaa unaweza kufikia mikrovolti 100,000. Kelele hiyo ndogo haitokani na uzembe wa fundi, ni maumbile. Elimu ya kweli humwezesha mtu kupambanua kati ya kosa linalorekebishika na mpaka uliowekwa na maumbile.

Kwa hiyo yafaa mambo mawili yafanywe. Mafundi na vikundi vya muziki wakubaliane kwamba amplifaya isiyokuwa na ethi haipandi jukwaani, hata kama mwenye harusi analalamikia mvumo. Na walimu wa fizikia walitoe somo la umeme nje ya daftari, wanafunzi wasikie, wageuke, wazime taa, wakisie, kisha wathibitishe. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Mvumo ni maradhi yanayojitangaza yenyewe. Anayeunyamazisha kwa kukata ethi ameyaficha, na atakayeumbuliwa huenda akawa kijana wa miaka kumi na saba, mwenye gitaa mkononi na maikrofoni mdomoni.