Viwanda visiachiwe kujipima
KUFUNGULIWA kwa daraja jipya la Makupa, Mombasa, Agosti 2022 kuliwezesha maji kupita tena kati ya hori ya Tudor na Port Reitz. Hata hivyo, kupwa na kujaa kwa bahari hakuondoi sumu ya viwandani; huieneza tu.

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliwataka wenye viwanda kupima majitaka yao kila siku na kuiwasilishia Nema rekodi kila miezi mitatu. Hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Madini ya risasi hayaozi: hutuama topeni, huingia mwilini mwa chaza na kaa, na hatimaye humfikia mlaji. Nema haina budi kujichukulia sampuli bila kubisha hodi, na kutangaza matokeo hadharani.