Premchand na Wahakiki wa "Kafan"

Wapo wahakiki wanaodai kwamba Premchand (1880–1936), katika hadithi fupi ya Kihindi "Kafan", yaani sanda, anawadhalilisha Wachamar, jamii iliyotengwa kwa sababu ya nasaba. Ghisu na mwanawe Madhav wanakula viazi vya kuchoma huku mke wa Madhav akifa kwa uchungu wa uzazi. Kisha wanazinywea pombe rupia 5 walizochangiwa za sanda. Usawiri huu unachukiza, ni kweli. Lakini wahakiki hao wanairuka aya ambamo msimulizi anaonyesha kwamba wachapa kazi wa kijijini hawana hali bora kuliko wavivu hawa. Uvivu wa Ghisu, basi, ni hesabu, si hulka ya kuzaliwa. La kumlaumia Premchand lipo kwingine: Budhiya, anayekufa, anasikika akilia tu.