Mkopo au mwekezaji? SGR na Expressway zinafundisha

Kenya imejaribu njia zote mbili, na bili ya kila moja inalipwa kivyake.

Reli ya SGR ya Mombasa–Nairobi ilifunguliwa 2017. Sehemu kubwa ya pesa ilikopwa Benki ya Exim ya China. Reli ni mali ya Kenya, lakini mkopo haungoji abiria: treni ijae isijae, deni lazima lilipwe. Hata asiyepanda treni anachangia, maana bidhaa kutoka nje zinatozwa ushuru wa reli.

Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022 kwa mtindo tofauti. Kampuni ya China, CRBC, ilileta mtaji, na sasa pesa zinarudi kupitia ada ya magari kwa miaka 27. Asiyepita halipi. Ila kwa muda wote huo, mapato ni ya mwekezaji.

Hesabu ni hiyo hiyo hata kwa duka la mtaani. Mauzo yana uhakika? Kopa, ubaki na biashara yako. Bado unabahatisha? Tafuta mwekezaji mbebe hasara pamoja, ila ujue na faida mtagawana.