Sehemu ya 4: Mama, usijenge kwenye kiwanja cha watu

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti. Nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini hili lazima niliseme leo.

Baada ya Sehemu ya 3 wengi mmenijia inboksi: "Nesi, mimi nina ukurasa wa malezi, nina wafuasi wengi, tovuti ya nini tena?" Jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Kama unawafundisha wenzako afya ya mtoto, na kila ulichoandika kiko kwenye mitandao ya kijamii peke yake, kazi umeifanya nusu.

Naanza na kosa langu. Niliwahi kupost hapa kuhusu ORS, picha mbili. Ya kwanza: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama. (Soma pakiti yako, maana kuna za nusu lita pia.) Ya pili: "Koroga pakiti yote mpaka iyeyuke. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha." Mtu akachukua ile ya pili tu. Lita moja haipo, jina langu halipo, tarehe haipo. Ikaingia magrupu ya WhatsApp, ikazunguka huko.

Miezi ikapita. Siku moja akaja wodini mama mdogo na mtoto wa miezi tisa. Mtoto analia kwa kiu, hatulii kabisa. Mama kakoroga pakiti nzima kwenye nusu kikombe. Jamani! Hiyo ni chumvi ya lita nzima ndani ya mafunda machache. Chumvi ikizidi kwenye damu inanyonya maji kutoka kwenye seli, hadi za ubongo, na mtoto anaweza kupata degedege. Nikamuuliza, haya umeyatoa wapi? Akanionyesha simu. Maneno yalikuwa yangu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Yule mama nilimwambia ukweli kuwa ni mimi niliyeandika. Ilinichukua muda kupata ujasiri.

Usiku ule nikaitafuta ile posti niirekebishe. Nimeshusha weee, mpaka kidole kikachoka. Nikaipata, nikairekebisha. Imesaidia nini? Picha iko kwenye simu za watu nisiowajua.

Sasa tovuti inatofautianaje? Ukurasa una anwani moja. Mama akimtumia mwenzake linki, mwenzake anafika palepale, anakuta maelezo yote, jina langu, kazi yangu, na tarehe niliyorekebisha mara ya mwisho. Nikibadilisha leo, atakayefungua kesho anaona la leo. Mtasema hata tovuti inapigwa skrinshoti. Kweli, sibishi. Ndiyo maana kiasi cha maji unakiandika kwenye sentensi ileile ya pakiti, na jina la tovuti unalirudia, ili hata kipande kilichokatwa kimwambie mtu pa kwenda kuuliza.

Halafu mitandao hii si mali yetu. GeoCities ilijaa kurasa za watu binafsi, Yahoo wakaifunga Marekani mwaka 2009. Google+ ikafungwa 2019. Aliyekuwa ameweka kila kitu humo bila nakala, pole yake. Lakini tovuti ya kwanza kabisa duniani, ya Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1991, ambayo ni maandishi matupu na linki, bado unaweza kuisoma kwa simu yako hiyohiyo.

Na nyie mlio na tovuti tayari, msicheke, nyie ndio mnaniudhi zaidi. Mama ameamka saa nane usiku, mtoto ana homa, bando limebaki kidogo. Anafungua tovuti yako: muziki unaanza wenyewe, picha zinapishana, tangazo linaruka usoni. Picha moja uliyoipiga kwa simu ukaipandisha bila kuipunguza inaweza kuwa MB 3 au 4. Maandishi ya ukurasa mzima kama huu ninaokuandikia hayafiki hata KB 10. Yeye alitaka kujua amkimbize mtoto hospitali au la! Anatafuta aliyeandika, anakuta "Admin". Admin ni nani? Ana taaluma gani? Na pembeni ya somo la kunyonyesha unauza sharubati ya kusafisha tumbo la kichanga. Hiyo ni biashara imevaa koti jeupe.

Na kadi ya kliniki ya mtoto wako, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, iondoe. Mtoto hajakupa ruhusa.

Gharama si kubwa kama mnavyoogopeshwa. Programu ya WordPress ni bure, unacholipia ni jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi. Kwa Tanzania mtu binafsi anaweza kusajili jina linaloishia na .me.tz. Lisajiliwe kwa jina LAKO na barua pepe YAKO, siyo ya fundi. Mkigombana naye, tovuti anaondoka nayo. Weka kikumbusho cha kulipia kila mwaka. Na kabla hujaanza kutoa maudhui, waulize TCRA kama unahitaji leseni, usije ukapata kesi kwa nia njema. Kurasa tano zenye ukweli zinatosha.

"Mbona wewe bado uko hapa?" Niko hapa kwa sababu mko hapa. Hapa ni sokoni, nawaita tu. Dawa sigawi sokoni.

Sehemu ya 5, nikipata siku ya mapumziko, nitawaonyesha ukurasa wangu wa ORS mstari kwa mstari. Kwa leo, fungua simu yako. Ukikuta ile picha ya nusu kikombe isiyo na lita moja, ifute, na umpigie aliyekutumia aifute na yeye.